Vibao vya Dhahabu

Msimamizi wa jengo letu na mimi tulichukiana tangu dukani, siku tuliyotumwa kununua vibao vya vifaa vya kuzimia moto. Watu wa zimamoto wa kaunti walikuwa wamekagua ghorofa zetu, pale katikati ya mji wa Kisumu, wakaagiza kila mtungi wa kuzimia moto uwekewe alama. Wapangaji walinichagua mimi nifuatane naye kwa sababu nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya moto kanisani, na kwa sababu chumba changu cha kushonea kimejaa vitambaa na ningekuwa wa kwanza kuungua.

Nilichagua vibao vyekundu vyenye mchoro mweupe wa mtungi na ndimi za moto. Mchoro hauhitaji Kiingereza wala miwani. Nilitaka vikubwa, vya kuonekana kutoka mwisho wa ujia, vinavyong'aa stima ikipotea, na vinavyochomoza ukutani kama sikio ili mtu anayekuja kwa ubavu avione. Msimamizi alinisikiliza huku akiangalia simu yake. Halafu akachukua vibao vya rangi ya dhahabu, vidogo kama kiganja, vyenye maandishi ya Kiingereza ya kujipindapinda.

"Mama, tunapamba nyumba," aliniambia. "Hatutangazi matanga."

Mwenye duka alicheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza msimamizi kama anajua moshi huwa wa rangi gani, naye akaniambia jengo lina mwenyewe, na mwenyewe amemweka yeye, si mimi.

Vibao vikabandikwa bapa ukutani, kwenye rangi ya maziwa. Ukisimama mlangoni kwangu huvioni kabisa. Nikachora vyangu kwa rangi nyekundu kwenye kadibodi, nikavitundika juu ya kila mtungi. Asubuhi iliyofuata nilivikuta kwenye pipa la taka, vimekunjwa. Nikachora vingine, akang'oa tena. Siku hiyo tulikutana kwenye ngazi na tukatukanana mbele ya wateja wangu, wanakwaya waliokuja kupimwa majoho. Alisema mimi ni mwanamke aliyekosa mtu wa kugombana naye nyumbani. Nilimjibu kwamba yeye ni dalali wa makaburi. Wapangaji wenzangu walisikia yote, wakafunga milango yao taratibu. Hakuna aliyetaka kuonekana upande wangu.

Kitu kimoja tu alinikubalia, tena kwa kuwa mkaguzi alikiandika: juu ya kila mtungi kuwe na kibao cha pili kinachosema ni wa moto gani; navyo akavinunua vya dhahabu. Mtungi wa maji ni wa karatasi, mbao na nguo. Ule wenye pembe nyeusi mdomoni, unaotoa hewa ya kaboni, ndio wa moto wa stima. Ukikosea, ukamwagia maji waya wenye umeme, umeme unaweza kukurudia.

Baadaye nilikwenda Bondo kumzika shangazi. Nikiwa huko, msimamizi aliwaleta mafundi wa rangi. Waliteremsha mitungi yote, wakairundika pembeni, wakamaliza kazi yao, kisha wakairudisha kwenye misumari bila kusoma chochote. Yeye alikagua rangi. Mitungi hakuigusa.

Nilirudi kazini, na kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, waya wa kuchajia uliwaka moto kwenye duka la fundi wa simu, mwisho wa ujia wetu. Alikuwa mtu wa Pap Onditi, mpole, mwenye vidole vya kushika skrubu ndogo kuliko punje ya wimbi. Moshi ulijaa haraka. Nilimwona akitoka akipapasa ukuta kama kipofu, akakipita kibao cha dhahabu, akarudi, akakifikia kwa kukigusa. Aliinamisha uso akasoma: moto wa umeme. Akaung'oa mtungi uliokuwa chini yake, akakimbia nao ndani.

Ulikuwa mtungi wa maji.

Nilisikia kishindo, kisha kimya. Nilishuka kuzima swichi kuu chini ya ngazi, nikapanda tena. Mtungi wenye pembe niliukuta mlangoni mwa choo, mahali pa ule wa maji. Nikauzima moto kwa huo. Fundi alikuwa amelala chali kati ya simu zake, anapumua, mkono wa kulia umejikunja kama mguu wa kuku.

Tulipokwisha kumpeleka hospitali, msimamizi akafika mlangoni mwa duka la simu. Alitazama kwanza masizi kwenye ukuta wake mpya. Wapangaji wote walikuwa wametoka nje ya milango.

"Mama," akasema, "wewe umekuwa ukiomba hii siku ifike."

"Mzee, soma kibao chako," nikamwambia. "Kwa sauti."

Akapangusa masizi ukutani kwa kiganja.

"Basi soma mtungi aliobeba yule mtu. Huo hapo miguuni mwako."

Aliinama kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo. Kisha akageuka akashuka ngazi. Hakuna aliyempisha, ilibidi apite kwa ubavu.

Mwenye jengo aliagiza vibao vyekundu viwekwe, vya kuchomoza, na kila mtungi ulinganishwe na kibao chake kila unapoguswa. Msimamizi hakufukuzwa. Fundi alipona, ila vidole viwili havikunjuki, na skrubu hashiki tena. Amerudi kwao Pap Onditi, anauza vocha na sabuni.

Juzi nilimkuta msimamizi akiwatembeza wapangaji wapya kwenye ujia wetu. Alikuwa akiwaonyesha vibao na kuwaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyosisitiza viwe vyekundu, vikubwa, vya kuonekana hata gizani. Niliweka mkasi mezani, nikatoka mlangoni, nikawaambia wageni hao ni nani aliyevichagua, ni nani aliyevikataa, na mkono wa nani ulioharibika. Niliwaambia bila kupaza sauti. Msimamizi alinitazama kwa chuki yake yote, nami nikamrudishia yangu, nayo haijapungua.