Drili ya Ukuta wa Mama

Mama alianguka asubuhi kwenye korido ya nyumba yetu pale Kiomboi, katikati ya chumba chake na choo. Mimi nilikuwa barazani nashona sare za shule, mguu uko kwenye pedali, cherehani inalia, sikusikia kitu. Niliponyanyuka kufuata chaki ndipo nikamwona. Alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya saruji, kanga imelowa, ananitazama. Hakuwa ameita. Aliniambia kwa Kinyiramba, kwa ile sauti nzito ya kukokota aliyoachiwa na kiharusi, "Usimwambie kaka yako."

Nilimwinua, nikamwogesha, nikambadilisha nguo, nikamlaza. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalipiga teke pipa la maji mpaka kidole kikavimba.

Siku mama anatoka hospitali, kaka yangu na mimi tulisimama pamoja mbele ya muuguzi. Alituambia kwa maneno mepesi kabisa. Upande wa kulia umelala, lakini mkono wa kushoto bado una nguvu. Fungeni chuma cha kushikia ukutani kuanzia chumbani hadi chooni, atatembea mwenyewe. Kaka aliitikia kabla yangu, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa, na ndiye mwanaume. "Hilo niachie mimi. Nitamleta fundi Jumamosi."

Jumamosi ikapita. Nyingine ikaja, tukaambiwa fundi yuko Shelui anamalizia nyumba ya wageni. Nyingine, fundi kafiwa. Nyingine, umeme umekatika na drili yake ni ya waya. Vyuma vyenyewe vilikuwa tayari. Nilimpelekea mchomeleaji vipimo nilivyochukua kwa tepu yangu ya ushonaji, akanikatia mabomba na kuyachomelea miguu ya kukaa ukutani, nikayapaka rangi. Yalikuwa yamelala chini ya kitanda cha mama, na mama amelala juu yake.

Basi sikumficha kaka. Nilimpigia simu Singida Mjini, anakofanya biashara ya alizeti.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Mnaendeleaje?"

"Mama ameanguka."

"Pole. Sasa sikiliza, Jumamosi hii..."

"Usinitajie Jumamosi. Kesho nakuja huko kununua drili ya chaji. Nitatoboa mwenyewe."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Wewe fundi cherehani, drili utaiweza wapi? Njoo, tutaenda wote. Usije ukapigwa na wauza feki."

Tulienda wote, na nikapigwa.

Duka lilikuwa karibu na soko, limejaa mpaka mlangoni, mabomba, makufuli, nyaya, ndoo za rangi. Muuzaji alitupangia drili tatu juu ya kaunta. Nasema alitupangia, lakini alimpangia kaka. Mimi niliuliza swali, yeye akamjibu kaka. "Bosi, hii hapa ndogo ni ya volti kumi na mbili, nyepesi, ya kufungia skrubu za kabati. Hii ya katikati ni ya volti ishirini, inakuja peke yake na betri moja. Sasa hii, bosi, hii ndiyo yenyewe." Akafungua begi gumu la plastiki jekundu. Ndani kulikuwa na drili kubwa, betri mbili, na biti za kutobolea za kila saizi zimepangwa kama meno. Ubavuni mwa betri kumeandikwa volti tisini na nane kwa maandishi ya dhahabu.

Mchomeleaji wangu alikuwa amenionya kitu kimoja tu. Ukuta wa tofali za saruji unataka drili yenye nyundo, ile inayogonga huku inazunguka. Isiyo na nyundo itakwangua plasta na kuishia hapo. Nikauliza, "Kati ya hizi, ipi ina nyundo?"

"Zote zinatoboa, mama," akasema akimtazama kaka.

"Sijauliza zinazotoboa. Nimeuliza yenye nyundo."

Kaka akanigusa kiwiko. Nilizinyanyua moja moja. Ile ya katikati ilikuwa na alama ya nyundo kwenye pete ya mbele, na ukiigeuza pete unasikia inaingia mahali pake. Mpini ulikaa vizuri mkononi. Pembeni ukutani kulikuwa na grenda ya kukatia vyuma ya kampuni hiyohiyo, na nikaona betri yao ni moja. Ukinunua grenda baadaye huhitaji betri nyingine wala chaja nyingine. Hilo nililipenda. Ile ya begi jekundu nayo ilikuwa na picha ya nyundo, lakini imechorwa kwenye stika tu. Pete yenyewe ilizunguka bila kushika popote.

"Naomba kujaribu," nikasema.

"Hatujaribu hapa, mama. Ikichafuka nani atanunua?"

"Nataka hii ya katikati."

Kaka akacheka tena, akamwambia muuzaji, "Wanawake bwana. Kwenye betri mbili na begi lake, yeye anataka moja." Wakacheka wote wawili. Nusu ya hela ilikuwa yake, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na sauti. Nilirudi Kiomboi na begi jekundu mapajani.

Nilichaji betri ya kwanza mpaka taa ikawa ya kijani. Nikapima ukuta, nikaweka alama kwa chaki ya kushonea, nikabonyeza. Plasta ilitoka vizuri, vumbi jeupe likamwagika kwenye miguu yangu. Ilipogusa tofali, sauti ikabadilika. Ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, biti inazunguka palepale, haisogei. Nikaegemea kwa kifua. Harufu ya kuungua ikaja, kisha drili ikazima. Nikaweka betri ya pili. Hiyo haikuwasha hata taa.

Mama aliuliza kutoka kitandani, "Tayari?"

Nilikaa sakafuni nikafungua betri ile ya pili kwa bisibisi ya cherehani. Ndani mlikuwa na vibetri vidogo vitano, vile vya kwenye tochi za kuchaji, viwili vimeshaota kutu. Nafasi iliyobaki walikuwa wamejaza kipande cha zege kilichobandikwa kwa gundi, ili ukiinyanyua betri uione nzito. Nilikishika kile kipande mkononi kwa muda mrefu. Mtu mahali fulani alikaa, akakipima, akakikata, akakibandika, akijua kabisa anachofanya.

Nilimpigia kaka, nikamweleza. Akasema, "Aah, hawa watu bwana. Basi nitamwona wiki ijayo." Nikakata simu.

Kesho yake nilimwomba jirani, mama mmoja tunayesali naye, akae na mama. Nikachukua begi jekundu, betri iliyofunguliwa, kipande cha zege kwenye leso, na nusu tofali ya saruji nikaitia kwenye kikapu. Kondakta aliniuliza kama nimebeba mawe. Nikamwambia ndiyo.

Muuzaji aliponiona alitazama nyuma yangu. "Bosi yuko wapi?"

"Bosi ni mimi."

Nikaweka kipande cha zege juu ya kaunta. Alikitazama, akaitazama betri, akasema haraka, kama mtu aliyezoea, "Umeifungua. Ikifunguliwa hairudi. Na bidhaa ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa pale."

"Niambie hii ni nini."

"Mama, hiyo imetoka kiwandani hivyo. Mimi nauza tu. Mwambie mumeo aje tuongee."

Nilitaka kupiga kelele, na sikupiga. Nilivuta stuli ya plastiki iliyokuwa inauzwa, nikaiweka mlangoni kabisa, nikakaa, kikapu mapajani. Akaja mzee mmoja anataka bawaba. Nikasimama. "Shikamoo baba. Kabla hujanunua, tazama nilichouziwa humu ndani kama betri." Mzee akakigeuzageuza kile kipande cha zege, akakirudisha, akaondoka bila bawaba. Wakaja vijana wawili wajenzi. Mmoja wao akasema, "Duh, hii feki ya kiwango," akampiga picha kwa simu muuzaji na kaunta yake. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni. Kila aliyefika nilimweleza, kwa sauti ileile, neno kwa neno. Muuzaji alinitishia polisi. Nikamwambia awaite, tena haraka, maana nina basi la kuwahi.

Hakuwaita. Baadaye, jua limeshahamia upande wangu na kichwa kinaniuma, alikuja akasimama karibu yangu, akaongea kwa chini. "Sasa dada yangu, unataka nini?"

"Ile ya katikati, badala ya hii feki. Na nitaijaribu hapahapa."

Nilitoa nusu tofali nikaiweka chini kwenye ngazi ya duka lake, nikaikanyaga kwa mguu. Niligeuza pete mpaka kwenye alama ya nyundo. Drili ilinguruma, mkono wote ukatetemeka hadi begani, na biti ikazama kwenye tofali kama sindano kwenye kitambaa cha kaki. Nilitoboa tundu la pili ambalo sikulihitaji. Muuzaji aliirudisha kwenye boksi mwenyewe na kuniandikia risiti. Hakuomba radhi, nami sikumuaga.

Nyumbani kazi haikuchukua muda. Nilitoboa, nikapachika plagi za plastiki za kushika skrubu, nikakaza skrubu, nikaning'inia kwenye bomba kwa uzito wangu wote kuhakikisha. Vumbi liliingia hadi kwenye unga. Mama alilalamika kelele tangu mwanzo hadi mwisho.

Kaka alikuja Jumapili, bila fundi. Alilishika bomba, akalitikisa. "Nani amekufungia?"

"Mimi."

"Safi sana. Unaona? Si nilikwambia tutalimaliza hili?"

Hapo ndipo kila kitu kilinitoka. Nilimwambia habari za korido na kanga iliyolowa. Nilimwambia mama alilala pale sakafuni akiona afadhali aibu kuliko kumsumbua mwanawe. Nilimwambia alicheka na yule mwizi mbele yangu, dukani. Sauti yangu ilifika kwa majirani, na sijawahi kumpandishia kaka yangu sauti maishani. Alisimama pale, kofia mkononi, akasema tu, "Punguza sauti, mama anasikia."

"Nasikia," mama akasema. "Niinueni."

Tulimwinua. Alishika bomba kwa mkono wa kushoto, akauvuta mguu wa kulia, akasogea. Akasogea tena. Aliingia chooni peke yake, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali tukabaki nje. Alipofungua, alisimama mlangoni akatazama korido. Bomba sasa lilikuwa upande wake wa kulia, upande uliolala.

"Na kurudi," akauliza, "nitarudije?"

Nilikuwa nimefunga ukuta mmoja tu. Nilikuwa nimepima yote isipokuwa hilo. Mama akaanza kucheka, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mabega yanatikisika, ikabidi kaka amshike asianguke.

Tulimrudisha kitandani. Bomba la ziada lilikuwepo, kwa kuwa mchomeleaji alikuwa amekata zaidi ya vipimo vyangu. Kaka alivua shati, akachuchumaa, akaliinua hadi kwenye ukuta wa pili, akalishikilia pale nilipomwonyesha. "Juu kidogo," nikamwambia. Akapandisha. Nilitoboa juu ya kichwa chake, na vumbi lote la tofali likamwangukia kwenye nywele na mabegani. Alizidi kulikaza bomba ukutani, nami sikumwambia afumbe macho.