Dizeli ya Chipsi Mnadani

Shemeji yangu, mume wa dada, anaishi mjini, Levolosi, na anapenda kueleza mambo. Mwaka ule alikuwa anaeleza dizeli. Alikusanya mafuta yaliyochoka kwa wakaanga chipsi, akayachuja, akayachanganya na spiriti na dawa ya kutengenezea sabuni, akapata kitu cha rangi ya asali. Alisema dizeli ya kuchimbwa ardhini itakwisha, ila hii yake haitakwisha maadamu watu wanakula chipsi. Sikubisha. Mimi maneno hunijia watu wakishaondoka.

Angeweza kuja kwetu mlimani, Nkoaranga, akaijaribu kidogo kwenye mashine yetu ya kusaga mahindi. Hapana. Aliipeleka kanisani siku ya mavuno, dumu limefungwa utepe mwekundu, akaliweka mbele kati ya mikungu ya ndizi na kuku. Mchungaji akaliombea pamoja na kuku. Baada ya ibada likatolewa nje kwenye mnada.

Watu wote wakamgeukia mama. Tangu baba afariki, mashine ile ndiyo inatulisha.

"Mama, tusaidie, ni kazi ya Bwana," akasema mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi. "Tena ni jasho la mkweo."

Mama akalinunua, hakuna aliyeshindana naye. Kwetu kitu cha mnada wa sadaka hakirudishwi wala hakisemwi vibaya. Ukipata jogoo mgonjwa unashukuru, unaenda kumzika nyumbani.

Ulikuwa mwezi wa saba. Huku mlimani mwezi huo mafuta ya kupikia huganda chupani, unayakwangua kwa kijiko. Kila mtu pale mnadani alijua hivyo, na kila mtu alinyamaza kwa sababu ni sadaka. Shemeji naye alizaliwa huku huku, amekwangua mafuta hayo utoto wake wote. Sijui Levolosi wanampa nini hata akasahau.

Ijumaa jioni niliimimina dizeli ile kwenye tenki la mashine. Asubuhi nikazungusha hendeli mpaka bega likauma. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Nilipofungua filta nikakuta imejaa kitu cheupe, kizito kama samli. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya madebe yao wakinitazama.

"Kijana, hiyo inasaga au inakaanga?"

"Mwacheni, anasubiri mayai," akajibu mwenzake. "Tutakula chipsi mayai."

Walicheka, kisha wakaanza kujitwisha mahindi kwenda mashine ya chini, karibu na barabara. Mama alisimama mlangoni akiwahesabu kwa macho. Mteja akishazoea mashine nyingine, umempoteza. Akampigia mkwewe simu.

Shemeji akaja na pikapu, viatu vinang'aa. Akainama, akaigusa filta kwa kidole kimoja.

"Mafuta hayana shida, mama. Shida ni baridi. Jua likitoka yatayeyuka yenyewe."

"Watu wanataka unga sasa hivi, baba. Hiyo pikapu yako si ya dizeli?"

"Ni ya dizeli."

"Basi haya yaliyobaki kwenye dumu tia humo, urudi nayo mjini kwenye joto."

Shemeji akaangalia milima kana kwamba imemwita.

"Injini yake ni nyeti kidogo, mama."

"Sawa," mama akasema. "Fungua tenki."

Akafungua. Nikachukua mpira, nikavuta dizeli yake, ile ya kuchimbwa ardhini, itakayokwisha. Nikairudisha iliyoganda kwenye dumu, nikaoshea filta, nikajaza tenki letu. Wakati nafanya kazi, yeye alikuwa amempata bibi mmoja aliyebaki kwa sababu ya miguu, akimweleza habari za dizeli kama hii huko Ulaya.

Mchana jua lilipotoka nililijaribu lile dumu, na mashine ikaenda vizuri, ikinuka kama kibanda cha chipsi. Kwa hiyo dizeli siidharau.

Asubuhi ile mashine ilipowaka, wanawake waliochelewa kutoka nyumbani, waliokuwa bado njiani kwenda chini, waliisikia, wakageuka. Waliokwisha kufika chini hawakurudi, siku ile wala Jumamosi iliyofuata.