Mshipi wa Kijivu wa Duane

Siku sita za wiki Duane Kowalczyk alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, mtu wa kutambaa chini ya sakafu za watu wa Pennsylvania na kutoka na buibui nyweleni. Ya saba, katika kundi letu la kuigiza mapigano ya kale, aligeuka kuwa Bwana Osriki, mpiganaji wa karne ya kumi na mbili, ndani ya deraya aliyoikata mwenyewe kutoka pipa la plastiki la buluu na kuifunika kwa ngozi ili plastiki isionekane kwenye picha. Si mtu wa maneno. Ukimpa bakuli la supu anakunywa, analiosha, anakwenda zake. Mtu wa namna hiyo humjui hata ukimjua, na mimi nilimshuku miaka ishirini na minane.

Kwetu hakuna mwamuzi wa kusema pigo limeingia. Tunapigana kwa fimbo za henzirani, na aliyepigwa ndiye anayeamua: kama lilikuwa la kuua, anaanguka. Asipotaka kuanguka, hakuna wa kumlazimisha. Basi miaka ishirini na minane iliyopita, katika fainali ya kugombea taji, mimi, Lorna Petrosky, karani wa maktaba na mwanamke pekee uwanjani, nilirusha pigo la ovyo kuelekea ubavuni mwake. Sikusikia kishindo, wala hakuna aliyesikia. Duane alisimama kidogo, akasema amekufa, akajilaza kwenye matope. Nikavishwa taji.

Wiki iliyofuata wakubwa wa kundi wakamfunga mshipi wa kijivu kwa uaminifu wake, na tangu hapo kila vuli mmoja wetu hupewa mshipi kama ule. Wageni husimuliwa chanzo chake: muungwana aliyekiri pigo ambalo hakuna mwingine aliyeliona. Wanatikisa vichwa kwa heshima, kisha wananitazama mimi. Nilijua wanachofikiri, kwa sababu nami nilifikiri hivyo hivyo. Alimwachia mwanamke. Iliniuma sana, kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na ushahidi wangu. Hakupigana nami tena. Nikimwalika tupambane, anasema goti linamuuma. Saa moja baadaye goti limepona, anapambana na mwingine. Tena mtambo wa kupasha joto nyumbani kwangu ukiharibika, anafika kabla sijamaliza kueleza kwenye simu. Ya nini haraka yote hiyo, kama hakuna kitu?

Vuli hii kundi likaniomba niandike historia ya mshipi, isomwe kwenye karamu. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kumuuliza. Nilimkuta hemani kwake, anagonga kofia yake ya chuma iliyobonyea.

"Duane, nataka ukweli. Lile pigo lilikugusa?"

"Lipi?"

"Usinifanye mtoto. Lile!"

Nyundo ikasimama. "Halikunigusa."

Nikakalia sanduku lake la vifaa. "Kwa hiyo ulinihurumia. Mbele ya watu wote wale ukanifanya kichekesho!"

"Nani akuhurumie wewe? Ulikuwa unapiga kama una kesi na mimi!" Akashusha pumzi. "Sikiliza, Lorna. La kabla yake, la shingoni. Lile liliniua kabisa, mpaka meno yakagongana. Nikajifanya halijanipata. Nilitaka taji, basi. Nawe ukaendelea kupigana bila hata kunung'unika. Aibu ikanishika, nikaanguka kwa lililofuata."

"Na mshipi ukaupokea!"

"Nikaupokea. Nilitaka kusema mwaka wa kwanza, nikashindwa. Wa pili ikawa ngumu zaidi."

"Mwongo mkubwa wewe!"

"Ndiyo."

Nilimwambia siandiki chochote, akaseme mwenyewe.

Akasema. Alisimama katikati ya karamu, bata mzinga mbele yake, akaeleza yote bila kupunguza: pigo la shingoni, kujifanya, kuanguka kwa uongo. Mimi nikashika ukingo wa meza nikisubiri.

Kisha watu wote wakasimama, wakampigia makofi. Mama mmoja kando yangu, mgeni wa mwaka huu, akafuta machozi na kunishika mkono.

"Huyu baba ni muungwana kweli," akaninong'oneza. "Mpaka leo bado anakutafutia sifa, mpenzi wangu."

"Jamani, nasema kweli!" Duane akapaza sauti. "Alinishinda!"

Wakazidi kupiga makofi. Nilikuwa nimeshinda kihalali, na katika ukumbi mzima tuliojua hivyo tulikuwa wawili tu.