Kifuko cha Mauwa

Mwaka 1974, Mauwa, mshona nguo wa Mtoni, alipiga risasi tano zote katikati ya shabaha kwenye mazoezi ya mgambo. Wanaume wakaanza kunong'ona. Walikuwa wamemwona akisukumiza kifuko cha kaniki chini ya kitako cha bunduki kabla ya kufyatua.

"Ile ni hirizi," mmoja akamwambia mkufunzi wao, Afande Kasimiri.

Afande akamwita Mauwa. "Humo mna nini?"

"Mchanga, afande. Nikipumua, kitako kilikuwa kinacheza. Sasa nikibinya kifuko kitako kinapanda, nikilegeza kinashuka, mpaka bunduki itulie."

Afande hakumwamini. Alipasua mshono kwa kisu, akamimina mchanga kiganjani, akaupekua na kuunusa. Hakuona kitu.

"Kishone tena, nijaribu mie."

Mauwa alikishona huku akivuta uzi kwa hasira. Afande akalala kifudifudi, akapiga tano, nne zikaingia katikati. Akainuka akijipangusa vumbi, bado anamtazama kwa jicho la pembeni.

"Kesho utashona vingine kumi. Lakini utavishonea hapa hapa, nikikuona."

Kesho yake alivishona. Wanaume walimzunguka, na alipomaliza hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuvigusa.