Nyonyo ya Pamela na Kidole cha Vyungu

Wanaosema mtu mzima hanyonyi hawajawahi kulala chumba kimoja na Pamela.

Huyu Pamela alikuwa mfinyanzi wa vyungu kule Lambwe, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mnene wa mikono, mwenye wana walioota ndevu, wa kwanza akiitwa Bravin, na wajukuu wa kumsumbua. Mchana akikutazama vibaya, unaanza kutafuta kosa lako mwenyewe kabla hajakwambia. Lakini akishapitiwa na usingizi, kidole gumba cha mkono wa kulia kilipanda chenyewe mpaka mdomoni, kikakaa huko mpaka asubuhi.

Alianza akiwa mtoto. Mama yake alikipaka pilipili, akakipaka shubiri, akakivika soksi. Kidole kikatoka kwenye soksi. Alipoolewa na Nicanor alilia kwa aibu, lakini Nicanor hakucheka. Aliushika tu mkono ule wakilala, akaushika miaka yote ya ndoa, na kidole kikatulia nje. Usiku wa zamu ya Nyaboke, mke mdogo, kilirudi kidogo, lakini kwa siri. Kisha Nicanor akafa, mwaka wa tisini na nne, na mkono ukakosa mtu wa kuushika.

Kunyonya peke yake kusingemuua. Shida ilikuwa udongo. Siku moja akikanda, jiwe dogo lenye ncha lilimpasua gumba. Kidonda kidogo, cha kupona kwa wiki. Hakikupona. Mchana kiliingia udongo, usiku kikalowa mate, na kufikia mvua za tisini na sita kidole kilikuwa kimevimba kama kiazi na ukucha umeanza kuondoka. Sasa, mfinyanzi bila gumba ni nini? Shingo ya chungu husimamishwa kwa gumba likiwa ndani na vidole vingine nje. Na chini ya mdomo wa kila chungu Pamela alizungusha mstari wa alama za gumba lake, zimekaribiana kama shanga. Watu wa Homa Bay mpaka Rongo walijua chungu cha Pamela kwa mstari huo. Vyungu vyake vya siku zile vilitoka na shingo ya kupinda na bila alama. Liz, mama aliyekuja na pikapu kutoka Rongo kuvinunua, aligeuza kimoja, akakirudisha chini taratibu, akasema atapita tena.

Kwenye zahanati, Makori, yule daktari mwembamba asiye na haraka, alikishika kidole akakinusa.

"Mama, hiki kidole kinalala wapi?"

Pamela akatazama dirisha. "Kinalala na mimi."

"Kinalala majini. Dawa nitakupa, lakini kikiendelea kulowa usiku, utaenda hospitali kubwa na utarudi bila hicho kidole."

Mwingine angerudi nyumbani akalia. Pamela alirudi akafikiri. Alijifunga mkono kwa kitambaa, akaamka kitambaa kiko sakafuni. Akarudia shubiri ya mama yake, akaamka mdomo mchungu na kidole ndani. Ndipo mkaza mwanawe Lynnet alipokuja kumtembelea na mtoto wake. Mtoto amelala kwenye mkeka, mdomoni ana nyonyo ya mpira, ile yenye kisahani cha plastiki na pete, na mikono yake miwili imetupwa kando kama ya mlevi. Pamela alisimama akamtazama mtoto yule mpaka Lynnet akaingiwa na wasiwasi.

Siku ya soko alikwenda Homa Bay, dukani.

"Nyonyo moja. Ile ngumu kidogo."

"Mtoto ana miezi mingapi, mama?"

"Amekua. Wewe nipe."

Aliichemsha, akaingia nayo kitandani mlango ukiwa na komeo. Na ilifanya kazi! Mdomo ukiwa na kitu chake, kidole hakikupanda. Lakini mtu mzima akizama usingizini taya hulegea, nyonyo ikaanguka, na kidole kikaona mlango uko wazi. Asubuhi kilikuwa ndani, kimelowa vile vile.

Kumbe kazi haikuwa kupata nyonyo. Kazi ilikuwa kuizuia isianguke. Pamela akaiendea kazi hiyo kama alivyoendea udongo mbaya. Kamba ya shingoni aliikataa tangu mwanzo. Kamba ya shingoni ni ya mbuzi, alisema, na hata mbuzi hujinyonga. Alishona pete ya nyonyo kwenye kifungo cha gauni lake la kulalia: nyonyo ikaanguka, ila sasa alijua ilipo. Akajaribu plasta: joto la Lambwe likaiyeyusha gundi, na iliyobaki ikatoka na ngozi ya shavu. Akatoa lastiki kwenye sketi kuukuu, akaipitisha kwenye pete na kuizungusha nyuma ya masikio. Katikati ya ndoto nzuri lastiki ikakatika ikamchapa jichoni, na siku tatu akawaambia watu amegonga mlango.

Basi akawaza: kinachofunguka ni taya. Nifunge taya. Akachukua leso nyeupe, akaipitisha chini ya kidevu, akaipandisha kandokando ya mashavu, akafunga fundo utosini. Nyonyo ikashikwa barabara. Alilala usingizi wa kushiba, chali, mikono kifuani, akasahau hata kutia komeo.

Yeye alifikiria taya tu. Hakufikiria kwamba kwetu anayefungwa leso hivyo, chali, mikono kifuani, ni mtu mmoja tu, na huyo haamki.

Asubuhi Nyaboke alikuja kuomba moto. Nyaboke alikuwa Mkisii, mwenye ulimi mkali, na wawili hawa walizungumza Kiswahili kwa sababu kila mmoja alikataa kujifunza lugha ya mwenzake. Alisukuma mlango akaona leso. Imefungwa vile vile alivyomfunga Nicanor alipokufa, kwa mikono yake mwenyewe. Alipiga nduru iliyofika barabarani. Majembe yakatupwa. Watu wakajaa uani, mama mmoja tayari amejitupa chini, na hapo marehemu akaketi kitandani, akatoa kitu mdomoni na kuuliza:

"Nani amekufa?"

Mtu akaona kitu alichotoa. Mnajua watu. Kicheko kilianzia mlangoni kikazunguka boma lote. "Mama amerudi kunyonya!" "Mleteeni uji!" Pamela alifunga mlango, na siku ile hakugusa udongo.

Jioni Nyaboke akaingia na sahani ya viazi, akaiweka chini kwa kishindo.

"Mama Bravin, wewe ni mjinga."

"Cheka uende, nyieka," Pamela akasema, akimwita mke mwenza kwa neno la Kijaluo, kama kila siku akitaka kumuudhi.

"Sichekagi maiti. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nitabaki na nani katika boma hili." Nyaboke akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Lete hicho kidole."

Pamela akampa. Nyaboke akakigeuza kwenye mwanga. Akaelezwa habari nzima: mate, Makori, lastiki, yote. Alipoisikia yote akatazama nje, uani, vyungu vilikokuwa vimepangwa kukauka. Vyungu vya Pamela vina kitako cha mviringo, havikai chini peke yake. Kila kimoja hukalia ngata ya nyasi, duara lile lile la kubebea mzigo kichwani.

"Chungu kikibiringika unakifunga leso?"

"Nakiwekea ngata."

"Na kichwa chako ni cha pembe nne?"

Pamela akamtazama. Kisha akacheka, mara ya kwanza siku ile, akainuka kutafuta kitambaa.

Waliisuka pamoja, ngata nene ya matambara laini. Pamela akalala ubavu, sikio likaingia kwenye shimo, ukingo ukaja chini ya kidevu ukakisukuma juu, na mdomo ukajifunga wenyewe. Kisahani cha nyonyo kikaegemea ukingo kisipate pa kwenda. Nyaboke akapunguza hapa, akajazia pale, kama mtu anayempima mwenzake nguo. Hakukuwa na fundo wala gundi. Alfajiri alikuja kuchungulia: nyonyo ndani, kidole nje, kikavu.

Kijiji kiliendelea kucheka, kwa nini kisicheke? Pamela aliwaacha. Alilala na nyonyo yake kila usiku, akaenda kisimani kichwa juu, na aliyemwuliza kama anataka maziwa alijibiwa aache kikombe hapo. Makori alipokishika tena kidole, ukucha mpya ulikuwa umechomoza, umepinda kidogo.

"Kinalala wapi siku hizi, mama?"

"Nje, daktari. Kama mbwa."

Liz alipopita tena na pikapu, vyungu vilikuwa vimesimama kwenye ngata zao, shingo zimenyooka, na chini ya mdomo ule mstari wa alama, ila sasa kila alama ilikuwa na mkwaruzo mwembamba wa kovu katikati. Liz akapitisha kidole hapo.

"Ulipata dawa gani, Mama Bravin?"

Nyaboke, aliyekuwa akipanga kuni, akaharakisha kujibu: "Dawa ya miti tu."

"Nyonyo," Pamela akasema.

"Nyonyo ya nani?"

"Yangu. Nalala nayo."

Liz alicheka mpaka akashika mlango wa pikapu. Pamela hakuinua macho. Gumba lake lilikuwa ndani ya chungu, vidole vinne nje, na udongo ukipanda kati yao.

"Ukimaliza kucheka," akasema, "njoo unizungushie hiki taratibu. Shingo bado mbichi."