Swali la Dirisha Namba Tatu

Saa mbili asubuhi foleni ya dawa imeshafika mlangoni. Nyuma ya dirisha namba tatu, Winifrida Anaeli anatazama kompyuta. Kila kitu kimo: jina la mgonjwa, dawa, vidonge vingapi, siku ngapi. Hakuna cha kubahatisha. Hata hivyo anainama kwenye tundu la kioo na kumuuliza kijana aliyesimama mbele yake, "Unaumwa nini, baba?"

"Si imo humo kwenye mashine, mama?"

"Imo. Nataka kuisikia kwako."

Nyuma watu wanaguna. Kila mgonjwa ana dakika tatu. Zikipita, namba yake inageuka nyekundu na mkuu wa kitengo anaiona ofisini kwake. Mwaka huu Winifrida ameshapewa barua mbili za onyo kwa kuchelewesha foleni. Ya tatu itamtoa dirishani, naye amebakiza miezi kumi astaafu.

Ana miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Marangu, na kwa miaka thelathini na mmoja ametoa dawa katika hospitali hii iliyo mwendo mfupi kutoka Kariakoo. Zamani madaktari waliandika vyeti kwa mkono, na mwandiko wenyewe ni kama kuku kaparua.

"Hatukuwa peponi," anasema. "Vyeti vilipotea, dawa ziliota miguu. Lakini kwa kuwa sikuweza kusoma, nilimuuliza mgonjwa. Akishanieleza anachoumwa, najua daktari kaandika nini. Kompyuta ilipokuja nikawa nasoma vizuri, nikaacha kuuliza."

Anafuta kaunta isiyo na vumbi.

Mwaka jana alikuja mzee Girish, muuza vifungo na nyuzi wa Mtaa wa Msimbazi. Walikuwa wakitaniana tangu Winifrida alipokwenda kwake kununua vifungo vya sare yake ya kwanza ya kazi. Mzee alikuwa na fangasi ya kucha za miguu, basi. Kwenye orodha ya kompyuta, inayofuata alfabeti, dawa ya fangasi inakaa chini tu ya dawa ya kisukari. Daktari, aliyeona wagonjwa themanini siku hiyo, akabonyeza mstari wa juu. Winifrida akasoma, akahesabu vidonge, akampa mtu asiye na kisukari dawa ya kushusha sukari.

"Nikamwambia, mzee, kimoja kila asubuhi baada ya chai. Usiruke hata siku moja."

Siku ya nne Girish alikuwa amefunga, kama ilivyokuwa desturi yake ya Kihindu kila siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo. Hakula kitu, lakini kidonge alimeza. Saa nane mchana akaanguka dukani, sukari imeshuka mno. Alipozinduka siku mbili baadaye, ubongo ulikuwa umeumia; hakumjua hata mwanawe.

Uchunguzi ulichukua wiki mbili. Mkuu wa kitengo, Onesphory, ndiye aliyempa majibu. "Mama, mfumo umekusafisha. Ulitoa kilichoandikwa."

"Nilitamani waniambie nimekosa," anasema Winifrida, na machozi yanamtoka waziwazi. "Ningeadhibiwa, yakaisha. Sasa hili nitalipeleka wapi? Swali lenyewe la nusu dakika. Angeniambia kucha tu, ningeshtuka."

Mara mbili ameomba madaktari waandike ugonjwa kando ya dawa. Ameambiwa pendekezo limepokelewa.

Kila Jumamosi akitoka kazini anapita dukani. Siku hizi anayeuza ni Megha, mkwe wa Girish.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Anaendeleaje?"

"Yuko vilevile, mama. Karibu ndani."

Megha hajawahi kumkunjia uso, na hilo nalo linamuuma. Mzee yuko kwenye kiti cha plastiki, anatoa vifungo bakuli moja na kuvitia jingine, kisha anavirudisha.

"Shikamoo, mzee Girish. Mimi Winifrida, wa dirisha la dawa."

Neno dawa linamchangamsha. "Nakunywa," anasema kwa fahari. "Kila asubuhi. Sijaruka hata siku moja."

"Hongera, mzee," anamjibu, kama anavyomjibu kila Jumamosi.

Nje, katikati ya mikokoteni na wapiga debe wa nguo, anasema Jumatatu atauliza tena, na ataendelea kuuliza mpaka barua ya tatu ifike. Tumaini lake sasa limebaki moja tu.

"Namwomba Mungu siku moja mzee anitukane, tena mbele za watu. Hapo nitajua amenikumbuka."