Kahawa Niliyoitupa Bondeni

Nakumbuka siku ambayo damu ya mwanamke mwingine iliingia nyumbani kwangu, mwanangu, nami nimeshika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nawamiminia wageni. Mume wangu Laurenti alikuwa na miezi miwili tu tangu arudi kutoka vitani Burma, na majirani zetu wa Nyaishozi walikuwa wamekuja kusikia habari. Akakunja kaptula, akawaonyesha kovu la paja.

"Damu ilikuwa imeniishia," akasema. "Sista mmoja, muuguzi wa hospitali ya jeshi, mzungu, akalala kitanda cha pili. Wakamchoma mkono, damu yake ikaingia kwenye chupa, na kutoka kwenye chupa ikaja kwangu kwa mpira. Akanywa chai, akainuka, akaenda kuosha vidonda vya wengine. Hii inayotembea humu ndani ni yake."

Wazee wakaweka vinywaji vyao chini. Pengine wewe hujui kwa nini, maana siku hizi mtu hutoa damu hospitalini, akapewa soda, akaenda zake. Zamani zetu watu wawili waliotaka undugu walichanjiana. Walichukua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akapaka punje moja damu yake, mwenzake akaimeza. Undugu huo tuliuita omukago, na ulidumu mpaka kaburini. Sasa mume wangu alikuwa anawaambia watu kwamba amechanganya damu na mwanamke. Niliendelea kumimina, lakini sikumbuki nilikuwa namimina wapi.

Wivu ulinishika, mwanangu, ule wa kukosesha usingizi. Nilikuwa nimemngoja mtu huyu miaka minne. Nililima maharage peke yangu, nikapalilia migomba, nikawafukuza wanaume wawili waliokuja kuniambia kwamba Laurenti ameshaoza huko. Halafu mtu asiyejua hata jina la kilima chetu akampa kitu ambacho mimi, mke wa ndoa ya kanisani, sikuwahi kumpa. Na Laurenti mwenyewe hakunisaidia. Nikipika uji, atasema Sista alimlisha kwa kijiko alipokuwa hawezi kuinua mkono. Nikitandika kitanda, atasema Sista alikunja pembe za shuka hivi na hivi. Siku moja alijikata na panga shambani, nikaitazama damu ikidondoka juu ya jani la mgomba, nikasema moyoni, mtazame, huyo anatoka. Nilifurahi. Mume wangu anatokwa damu, nami nimesimama pale nafurahi.

Msimu wa kahawa ulipofika, akasikia kwamba askari mwenzake wa kijiji cha Kamuli anarudi Nairobi kutibiwa mguu, kwenye hospitali ya jeshi ambako Sista yule alikuwa amehamishiwa. Akaniomba nimtengenezee Sista kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni wa heshima. Niliitengeneza vizuri. Niliichuma ingali mbichi, nikaichemsha pamoja na majani ya harufu, nikaianika, nikaifunga katika ganda kavu la mgomba. Sikuharibu hata punje moja, maana sifa ya mikono yangu niliipenda. Kwa kuwa paja lilikuwa bado linamsumbua, nikatumwa mimi kuipeleka barabarani kwa yule askari, mahali alipongojea lori. Njiani kuna bonde la mafunjo. Nilisimama pale, nikakinusa kifurushi kilivyonukia, nikakitupa katikati ya maji. Nyumbani nikasema nimempa.

Laurenti akangoja jibu. Kila Jumapili alimuuliza padri kama kuna barua, nami kila Jumapili nilipika kwa raha zangu. Yule askari alipata kazi hukohuko Nairobi, hakurudi, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniumbua. Mwaka ukapita. Asubuhi moja nikamkuta Laurenti amekaa uani juu ya majani makavu ya migomba, kichwa kimejaa povu la sabuni, na mama mkwe wangu, Ma Agnesi, ananoa wembe.

"Dada yangu amekufa," akasema. "Angekuwa hai angejibu. Ndugu wa damu hapokei kahawa akanyamaza."

"Kaa na wewe unyolewe," Ma Agnesi akaniambia. "Umefiwa na wifi."

"Wifi gani, mama?" nikasema. "Huyo ni mwanamke wake."

Ma Agnesi akauweka wembe chini. "Wewe umezaliwa wapi, Anastazia? Aliyechanganya damu na mwanangu ni mtoto wa tumbo langu. Hata kumtamani ni mwiko. Mwanangu alipokuwa anakufa mimi sikuwepo, na wewe hukuwepo. Binti yangu alikuwepo. Nawe mwaka mzima umemnunia wifi yako."

Nikakaa kwenye yale majani nikaeleza yote, bonde, mafunjo na kifurushi. Nilingoja kofi, au kurudishwa kwa baba yangu, maana wanawake walirudishwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Laurenti alinitazama, povu likimtiririka sikioni, halafu uso wake ukafunguka.

"Basi yu hai," akasema. "Mama, yu hai. Haikumfikia tu."

Akajimwagia maji kichwani huku anacheka, akaniambia nichemshe nyingine. Hakunigombeza siku ile wala baadaye, na hilo liliniuma kuliko kofi. Nilikuwa nimemfisha dada yake moyoni mwake, naye aliporudishiwa alisahau hata kunikasirikia.

Tulituma nyingine kwa mkono wa padri. Sijui kama ilifika. Laurenti amelala pale migombani sasa, na damu ya wifi yangu imezikwa naye. Wivu wenyewe, nisikudanganye, haujaisha wote. Hata leo nikikunja pembe za shuka kuna kitu kinanichoma. Lakini kila msimu nikipata tunda lenye punje mbili nzuri, natafuna moja, ya pili naiweka kando. Hiyo ni yake.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Watu wakisimulia vita huwataja wenye bunduki. Wewe wataje na wanawake waliosimama kati ya vitanda, wakaosha usaha wa waume wasio wao na wana wasiowazaa, wengine wakatoa na damu yao. Ukirudishiwa mtu wako akiwa hai, usiionee wivu mikono iliyomshika. Na shukrani uliyotumwa kuifikisha, ifikishe. Mungu akuwekee mtu wa kukuinua siku utakapoanguka mbali na kwenu, na wa nyumbani kwako awe na moyo wa kumwita ndugu.